Baraza la Watafuta Kazi: Namna ya Kuliunda Mtaani Mwako, Hatua kwa Hatua

Ukitaka kumchosha mtu asiye na kazi, mwambie ajiamini. Nimewaona vijana wamejazwa ukumbini, mgeni wa suti kashika kipaza sauti, anawahimiza waote ndoto kubwa. Makofi yanapigwa. Jioni ile ile vijana hao wanashuka kwa miguu hadi ferry kurudi Likoni, kwa sababu mfukoni hamna hata ya matatu, na kesho yake wameamka pale pale walipokuwa.

Wazee walisema penye nia pana njia. Nimekaa miaka kadhaa na watu wanaotafuta kazi hapa Mombasa, na sasa naanza kuusoma msemo huo kinyumenyume. Nia wengi wanayo. Njia ndiyo walikuwa nayo moja tu: ami aliyeahidi kumwingiza mtu Bandarini, au mwalimu aliyesema ataulizia. Ilipozibwa ile moja, nia nayo ikakauka. Mwanasaikolojia wa Marekani, Charles Snyder, aliyaeleza matumaini kwa jinsi hiyo hiyo: ni nia na njia pamoja, na kimoja kikikosekana matumaini hayasimami.

Mwongozo huu ni wa kuongeza njia. Ni wa yeyote anayetaka kukusanya majirani wachache wasaidiane: dada wa kikundi cha kanisa, ustadhi wa madrasa, kijana wa maskani aliyechoka kuketi. Hauhitaji shirika, ofisi wala muhuri. Unahitaji mkeka, daftari na mtu mmoja asiyekosa kufika.

Hatua ya 1: Chagua watu wachache na saa isiyogombana na kibarua

Watu sita hadi tisa wanatosha. Wakizidi kumi, wawili watasema na waliobaki watasikiliza, na wasemaji ni wale wale ambao hawahitaji kuongezewa ulimi.

Saa ndiyo watu huikosea zaidi. Mikutano ya vijana huitwa saa tatu asubuhi, na asubuhi ndiyo saa ya getini. Anayetegemea kibarua anaamka alfajiri, anavuka, anasimama nje ya gudauni hadi saa mbili akingoja kuchaguliwa. Ukimwita saa tatu, umemtaka achague kati yako na sahani ya watoto wake. Sisi, kwenye baraza letu, tulikubaliana Jumatano, baada ya sala ya Alasiri, na tunamaliza kabla ya Maghrib. Ijumaa tumeiacha, Jumapili tumeiacha. Aliyekosa kazi siku hiyo amesharudi, na aliyepata anakuja na vumbi lake, karibu.

Siku na saa zisibadilike, hata mkifika watatu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, kiwanda cha nguo cha Marienthal, kijiji kilicho karibu na Vienna, Austria, kilikuwa kimefungwa na karibu kijiji kizima hakina kazi. Watafiti waliokwenda huko, mmoja wao Marie Jahoda, walikuta jambo ambalo mtu wa maskani atalitambua mara moja. Watu walikuwa na wakati tele, maktaba ilikuwa imeondoa ada, na bado vitabu viliazimwa vichache kuliko zamani. Wanaume walitembea polepole, wakisimamasimama njiani, na walipoulizwa siku imepitaje hawakuwa na la kusimulia. Siku isiyo na miadi haina kamba ya kuishikia. Baraza la Jumatano ni kamba moja. Si nyingi, lakini mtu anajua kuwa leo ni Jumanne.

Kila mmoja alete Sh50 kwa wiki, asiye nayo asilete na asiulizwe. Kahawa tungu na kashata zitatoka humo, na kinachobaki kinaingia kwenye kopo. Habari za kopo tutazifikia.

Hatua ya 2: Usiulize "unatafuta kazi gani?"

Swali hilo linaonekana la maana, lakini jibu lake ni lile lile mtaa mzima: "Yoyote." Na anayesema "yoyote" ameshajishusha kabla hujamshusha wewe. Uliza mambo ya juzi, mambo yenye saa na uzito.

Kijana mmoja wa Mtongwe alikuja mara ya kwanza akakaa ukingoni mwa mkeka, viatu vyake karibu, kama mtu anayetaka kuondoka. Nilimwuliza shughuli zake.

"Mimi sina kazi, ami. Nabeba tu."

"Unabeba wapi?"

"Gudauni za chai, Shimanzi. Siku nikichukuliwa."

"Mara ya mwisho ulichukuliwa lini?"

"Juzi."

"Mlishusha lori ngapi?"

"Mbili. Tulikuwa watu wanane."

"Na gunia likiwa limechanika?"

Hapo akainua uso. "Lile unaliweka kando, unamwita karani. Halichanganywi na mengine. Na huliweki sakafuni, unaliweka juu ya paleti, kwani unyevu utalipanda."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Niliona."

"Na ukiambiwa uyapange karibu na katoni za sabuni?"

Akacheka, na wenzake wawili waliowahi kufanya kazi Shimanzi wakacheka naye. "Chai na sabuni, ami? Itanuka yote! Watairudisha."

Yule alikuwa anasema hana kazi, na muda huo huo ametueleza jinsi ya kulinda mzigo unaopita kwenye mnada wa chai wa Mombasa. Chai hunyonya harufu na unyevu, ndiyo sababu maghala yanakuwa na masharti. Yeye masharti hayo anayo mikononi, ila hajawahi kuulizwa. Sikumwambia ana kipaji. Nilimwambia arudie polepole, mwenzake aandike.

Fanya hivyo kwa kila mtu, mmoja au wawili kwa kila kikao, usiharakishe. Mama anayekaanga viazi karai jioni atakwambia "nauza tu vitu vidogo". Mwulize ananunua viazi wapi, debe linatoa sahani ngapi, mafuta yakipanda bei anapunguza nini ili mteja asikimbie, na wadeni wake anawakumbukaje. Wa kwetu ana daftari la deni lenye alama badala ya majina, kwa sababu hataki mtu asome jina la jirani yake. Huo ni utunzaji wa hesabu na siri za wateja. Kuna makarani wa ofisini hawana adabu hiyo.

Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba imani ya mtu katika uwezo wake hujengwa zaidi ya yote na mambo aliyoyatenda akafaulu, kisha kwa kumwona mtu kama yeye akifaulu, na maneno ya kutiwa moyo yana nguvu ndogo kuliko hayo. Kwa hiyo anza na aliyoyatenda. Sifa ziweke akiba.

Hatua ya 3: Daftari kwanza, CV baadaye

Yaliyosemwa mkekani yaandikwe siku hiyo hiyo, kwa Kiswahili, kwa maneno ya mwenyewe. CV nyingi zinaandikwa kwa Kiingereza, sawa, ndivyo waajiri wengi wanavyotaka. Lakini ukianza na Kiingereza cha saiba, yaani duka la kompyuta, utaletewa ukurasa uliojaa sifa zile zile za kila mtu, mchapakazi, anayejituma, anayefanya kazi chini ya shinikizo, na msomaji ameshaziona mara mia wiki hiyo. Andika kwanza kilichotokea. Kutafsiri ni kazi ya dakika kumi kwa yeyote aliyemaliza kidato cha nne.

Ya kijana wa Mtongwe ilitoka hivi: Kibarua wa maghala ya chai, Shimanzi, tangu 2021. Kushusha na kupanga magunia kwenye paleti. Kutenga yaliyochanika na kumjulisha karani. Kulinda chai isipate unyevu wala harufu. Kusaidia kuhesabu mzigo unapoingia.

Mistari mitano, na hakuna uongo hata mmoja. Alipokabidhiwa karatasi aliisoma mara mbili akauliza kama kweli inaruhusiwa kuandika kibarua kwenye CV. Inaruhusiwa. Ulifanya, uliandikwa jina getini, ulilipwa.

Watu wawili wa kuulizwa habari zako wasiwe chifu na kasisi tu. Msimamizi aliyekuchagua zaidi ya mara tano anakujua kuliko wote, muombe ruhusa ya kuandika namba yake. Wengi wanaogopa kuomba. Wakiomba, wengi hupewa.

Hatua ya 4: Kila mtu awe na njia tatu

Hii ndiyo shina la mwongozo wote, kwa hiyo ipe vikao viwili ukilazimika.

Kunja ukurasa wa daftari upate safu tatu. Safu ya kwanza ni njia ya wiki hii, inayoweza kuleta pesa ya kula. Ya pili ni njia ya msimu huu, inayohitaji miezi miwili au mitatu ya kufuatilia. Ya tatu ni njia ya mwaka, inayohitaji cheti, mafunzo au mtaji. Mtu mwenye safu moja pekee akikataliwa, amekataliwa maisha yake yote. Mwenye tatu amekataliwa safu moja.

Tumchukue binti wa Kisauni aliyekuja akitaka hoteli na si kitu kingine. Alikuwa amepeleka CV hoteli saba mwezi wa Mei akanyamaziwa kote, akaamini ni alama zake za KCSE, mtihani wa kidato cha nne. Tulimwonyesha kalenda. Aprili hadi Juni ni masika, watalii wachache, hoteli nyingi za pwani hupunguza watu na nyingine hufunga baadhi ya vyumba kufanya ukarabati. Wageni hurudi Julai na Agosti, halafu Desemba. Anayeajiri watu wa Desemba anaanza kutazama majina Oktoba na Novemba. Binti alikuwa amebisha mlango wakati wenye nyumba wamelala.

Safu zake zikawa hivi. Wiki hii: kumsaidia shangazi yake anayepika vyakula vya harusi, ambako kuna kuosha, kukata na kupakua kila mwisho wa wiki. Msimu huu: cheti cha afya cha wanaoshika chakula, kwa sababu bila hicho jikoni huingii, na hufanywa upya kila miezi 6, kisha kupeleka CV Oktoba. Mwaka: mafunzo ya upishi katika chuo cha ufundi cha karibu, kwa ada ya kulipwa kidogokidogo.

Hotelini, pita mlango wa wafanyakazi, na usimfuate mpishi saa sita mchana. Saa sita ana moto mbele yake. Saa nne asubuhi au saa tisa alasiri atakusikiliza.

Kwa fundi aliyejifunzia kazini, safu ya tatu mara nyingi ni mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ambao wana kituo hapa Mombasa. Hautaki cheti cha shule. Unapimwa kwa mikono, ukianzia daraja la tatu na kupanda hadi la kwanza. Nawajua waashi wa mjengo waliofanya kazi miaka kumi na tano wakilipwa kama wasaidizi kwa sababu hawana karatasi hiyo moja.

Hatua ya 5: Makaratasi, upesi upesi

Kitambulisho, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi), usajili wa SHA (bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024), namba ya NSSF (akiba ya uzeeni). PIN ni bure. Ukilipa saiba umelipia kuchapiwa. Cheti cha tabia njema huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ada ni Sh1,050, kisha unakwenda kupigwa alama za vidole. Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, iko kwenye jengo la Posta, Digo Road. Usikiombe mapema mno kama hakuna anayekitaka bado, pesa hiyo ni nauli ya mwezi. Piga picha makaratasi yote, ujitumie mwenyewe kwenye WhatsApp. Simu huibwa, ferry ina msongamano.

Hatua ya 6: Tembeeni wawili wawili, na hesabuni kilicho mikononi mwenu

Kupata kazi hakuko mikononi mwa mtafutaji. Kubisha milango mitano kuko. Kwa hiyo Jumatano hatuulizi "umepata?" Swali hilo anaulizwa nyumbani kila jioni na limeshamkwaruza vya kutosha. Tunauliza: ulibisha milango mingapi, ulitoka na nini?

Wawili wawili, kwa sababu peke yako ukifika getini miguu inajua kupitiliza. Mwenzako atakuona. Walioko Likoni wana nafuu moja, ferry ni bure kwa anayevuka kwa miguu, na kutoka pale unaweza kutembea hadi Mwembe Tayari ukipitia milango mingi kabla ya kutoa shilingi.

Sasa getini. Getini kuna askari, na askari amefundishwa neno moja: hakuna kazi. Si mkatili, ndiyo kazi yake. Ukimwuliza "kuna kazi?" umempa nafasi ya kulisema. Sisi tunafanya mazoezi ya maneno haya hadi yatoke kama ya kawaida:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hakuna kazi hapa."

"Sawa mzee, sikuja kuomba leo. Nilitaka kujua tu, vibarua hapa huwa wanachukuliwa siku gani?"

"Inategemea na mzigo. Sana sana Jumatatu."

"Na anayewachagua ni nani, nisije nikamsumbua mtu siye?"

"Kuna msimamizi, huwa anatoka saa kumi na mbili na nusu. Mwenye kofia ya njano."

"Ahsante mzee. Nitakuja Jumatatu, nitakusalimu."

Huyo hakupata kazi. Ametoka na siku, saa na kofia, na askari atakayemkumbuka. Andika kwenye daftari, mlango mmoja, habari tatu. Binti mmoja alitamba Jumatano kwamba ana habari kumi na moja na hana kazi hata moja, tukampigia makofi, na alistahili.

Waambieni pia watu msio wa karibu. Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, alionyesha mwaka 1973 kwamba waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu, wengi wao waliambiwa na mtu wanayeonana naye mara mojamoja au kwa nadra, si rafiki wa kila siku. Ukifikiri kidogo utaona sababu. Wa maskani yako anajua unayoyajua. Aliyesoma nawe darasa la saba akahamia Miritini anajua mageti ya Miritini. Kila mmoja aandike majina kumi ya watu ambao hajazungumza nao mwaka mzima, awatumie ujumbe wa sauti wa nusu dakika: salamu, ninachoweza kufanya, ukisikia nikumbuke. Pasiwe na hadithi ya shida. Shida mtu huikimbia, hata ndugu.

Hatua ya 7: Usaili wa mkekani

Mmoja awe bosi, mmoja mwombaji, wengine wanyamaze. Bosi asicheze mchezo wa huruma. Maswali mawili yanatosha kwa jioni moja: "Tueleze habari zako" na "Mbona hapa katikati hukuwa na kazi?" La pili ndilo linalowaangusha. Mtu huinamisha kichwa kama aliyeshikwa na kitu cha wizi. Jibu la kweli lililopangwa ni bora kuliko kuomba radhi: "Mwaka 2023 mama aliugua, nilimuuguza miezi minane, na jioni nilikuwa nauza mahamri. Sasa dada yangu yuko naye." Mwajiri amesikia mtu wa kutegemewa. Rudieni mpaka sauti isitetemeke. Wa kwetu mmoja alirudia mara sita, mara ya nne akalia, tukanywa kahawa, akarudia tena.

Hatua ya 8: Wiki za kimya

Kukataliwa kunauma, lakini kunyamaziwa kunakula. Umepeleka CV kumi, hata simu moja haijalia, unaanza kuichukia simu yenyewe. Hapo watu hurudi maskani kutafuna majani ya muguka, na "mvumilivu hula mbivu" inasemwa na mtu aliyeshiba. Msemo ule siupendi ukitumiwa hivyo.

Tufanye nini? Kwanza, kila CV iliyopelekwa iandikiwe tarehe ya kuulizia, baada ya wiki mbili, ili kimya kiwe na mwisho. Pili, asiyefika baraza mara mbili afuatwe nyumbani na mtu mmoja, si kundi, na asiulizwe mbona hukuja. Mpelekee kazi: "Nisaidie kubeba meza Jumamosi." Mtu akiona anahitajika hutoka nje kwa urahisi kuliko akionewa huruma.

Tatu, mjue mpaka wenu. Mtu asiyelala wiki nzima, asiyekula, au anayesema afadhali asingekuwepo, huyo hahitaji CV. Kaeni naye, msimwache peke yake, mfikisheni hospitali ya Coast General au kituo cha afya kilicho karibu. Msalaba Mwekundu wana namba 1199 ya ushauri, bila malipo.

Nyumbani nako kuna kazi. Mara nyingi mama au mke anarusha maneno kwa sababu hajui mtu ameshinda wapi. Mpeni mtu daftari lake aende nalo nyumbani. Mama mmoja alifungua la mwanawe akakuta milango kumi na minne kwa mwezi, kwa tarehe. Kesho yake alimwamsha kwa chai.

Hatua ya 9: Matapeli

Nami niliwahi kuliwa. Mtu mmoja mstaarabu, kanzu nyeupe, alisema ana nafasi ya ukarani kwenye ghala, kilichobaki ni Sh3,500 za "faili". Nilikopa. Hata tarehe ya kuripoti alinipa, nikaripoti, tukajikuta getini watu wanane wenye tarehe hiyo hiyo. Kilichoniuma zaidi ya pesa ni kwamba nilikaa miezi mitatu bila kumwambia mtu, kwa aibu, na katika miezi hiyo kuna wengine waliomlipa yule yule.

Kwa hiyo sheria yetu ni moja: hakuna anayelipia kazi kabla ya kuisema barazani. Si kuomba ruhusa, kuisema tu. Ikitajwa mbele ya watu saba, mmoja wao atauliza risiti iko wapi. Kazi za Ghuba, Saudi Arabia au Qatar, jina la wakala liangaliwe kwanza kwenye orodha ya mawakala waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Na aliyekwisha kuliwa asimulie, bila kuchekwa.

Hatua ya 10: Kopo, shati, na anayepata

Kopo ni la nauli. Mwenye usaili Nyali au Mtwapa huchukua ya kwenda na kurudi, hurudisha akipata, na asipopata hasumbuliwi. Pesa ihesabiwe mbele ya wote kila Jumatano. Kopo limeua vikundi vingi kuliko ukosefu wa kazi.

Kutoka kopo hilo tulinunua shati moja jeupe la mtumba Kongowea, la mikono mirefu, na viatu vyeusi namba nane. Mabinti wana lao, la samawati. Shati hukaa kwa mama wa viazi karai kwa sababu ana pasi.

Anayepata kazi arudi walau Jumatano moja kabla hajapotea. Hapa ndipo watu hukosea: humwita ashukuru. Mwiteni asimulie, tena mambo madogo. Alipita mlango upi, aliulizwa nini, nini hakukijua, bosi alikasirikia nini siku ya kwanza. Mwenzake wa mtaa mmoja, wa elimu moja, akisikia kuwa lile swali la katikati kweli liliulizwa na jibu la mkekani kweli lilipita, ataamka alfajiri bila kuhimizwa.

Kijana wa Mtongwe alichukuliwa kwa mkataba wa miezi sita, msaidizi wa karani wa kuhesabu, kwenye gudauni tofauti na zile alizokuwa anasimama nje yake. Alirudi Jumatano ya pili. Alieleza kwamba usaili ulifanyika wamesimama, katikati ya magunia, na msimamizi alimwonyesha gunia lililochanika akamwuliza angelifanya nini. Mkeka mzima ulicheka, naye akacheka. Kisha akatoa shati kwenye mfuko wa karatasi, limefuliwa, limepigwa pasi, na noti ya mia mbili mfuko wa kifuani. Kwenye kola kuna doa la wino lisilotoka. Atakayelivaa Jumatatu ameambiwa afunge kifungo cha juu.